Jina Langu Ghorofani

22 Julai

Amegonga tena. Mara tatu kwa ile fimbo yake, juu ya kichwa changu kabisa, vumbi likamwagika kwenye kitambaa cheupe cha watu.

Naanza kuandika leo ili siku nikifukuzwa hapa niwe na la kusema. Jengo ni la Ba. Ba ni mama mzee wa Kihindi, mjane, anavaa sari nyeupe kila siku ya Mungu. Amezaliwa hapa hapa Eldoret na anajua Kiswahili kuliko anavyotaka watu wajue. Yeye anakaa ghorofani, mimi nashona chini. Sakafu yake ndiyo dari yangu, mbao tupu za zamani, hata akiangusha kijiko nasikia. Kila Jumanne na Jumamosi mama wenzake wanakuja na kinanda cha kuvuta kwa mkono na matoazi madogo, wanaimba bhajan, nyimbo zao za kumsifu Mungu wao. Hapo mimi sigongi. Lakini nikiimba kidogo tu mashine ikienda, fimbo hiyo.

Na si kwamba naimba upuuzi. Naimba wimbo wangu mwenyewe, ule nilioutunga wiki ya matanga ya Wabuge, mume wangu. *Mvua imenikuta njiani, wewe ndiwe kibaraza changu.* Sijawahi kuuimba kanisani. Nauimba nikishona, basi. Hata huo ananinyima.

23 Julai

Mvua mchana kutwa. Wateja hakuna. Mahindi yangu ya shambani Kapseret yametoa mbelewele, angalau kuna kitu kinachoniendea vizuri.

30 Julai

Fimbo mara mbili. Nimenyamaza kwa hasira, nikatoboa kidole na sindano.

6 Agosti

Sasa wanaimba kila siku. Nimemuuliza Hafsa, msichana wa Kisomali mwenye duka la vitambaa hapa kando, maana yeye anajua mambo ya kila mtu. Amesema ni mwezi wao mtakatifu. Nikamwuliza mwezi mtakatifu unahitaji matoazi ya nini. Akacheka, akaniambia niweke pamba masikioni. Na vile hao mama wakishuka ngazi wananiangalia. Mmoja alinitazama, akatabasamu, akamnong'oneza mwenzake. Mtu hatabasamu hivyo bure.

13 Agosti

Leo nimesikia kitu ambacho sikukitarajia maishani mwangu.

Mvua ilikuwa imekatika ghafla, na ikikatika mji unakuwa kimya kidogo. Nilikuwa nashona pindo la sketi ya shule. Juu wakaanza wimbo. Kinanda kikavutwa, nikaendelea na pindo, kisha mguu wangu ukasimama wenyewe kwenye pedali. Ulikuwa wimbo wangu. Maneno ni ya Kihindi, sijui hata moja, lakini sauti ni ile ile, inapanda pale pale ninapoipandisha mimi, inashuka pale ninapovuta pumzi. Hata kile kikwaruzo kidogo ninachotia kabla ya "kibaraza", wametia.

Wezi. Kumbe ananigongea ninyamaze ili aimbe yeye.

14 Agosti

Christabel amekuja kupimwa sare mpya ya kwaya. Nimshukuru Mungu kwa rafiki kama huyu. Ndiye mwimbaji wetu wa mbele kanisani, na ndiye aliyelala kwangu Kimumu matanga yote, akapika, akaosha vyombo, hakusema amechoka. Nilimweleza yote. Akasema hao watu si wa kuchezea. Wimbo wa mtu ni kama nguo aliyovaa, alisema, wakiupata wanaweza kukupata na wewe. Akaniambia nisiwaimbie tena na nianze kutafuta duka lingine polepole.

Nilimwambia mimi sina habari na mambo ya kurogwa. Lakini nimeenda nyumbani nikifikiria.

24 Agosti

Naandika haya nikiwa nyumbani.

Wameimba tena wimbo wangu. Safari hii nilizima mashine, nikapanda kwenye stuli, nikaweka sikio karibu na mbao. Waliimba beti kadhaa. Walipofika mwisho wakapunguza mwendo, matoazi yakanyamaza, Ba akaimba peke yake na sauti yake ya kikongwe. Na hapo katikati nikasikia jina langu. Nekoye. Wazi kabisa, vile mama yangu alivyokuwa akiniita nyumbani. Kisha wenzake wote wakarudia: Nekoye.

Nilishuka kwenye stuli vibaya, nikagonga goti. Jina wamelitoa wapi? Sawa, liko kwenye kibao cha duka. Lakini mtu anatoa jina lako kwenye kibao kulipeleka wapi? Mbele ya zile sanamu, na ubani, na moto kwenye sahani, wanamtaja mjane wa Kibukusu ambaye hajawakosea kitu. Nimeogopa. Naandika wazi kwamba nimeogopa. Nimefunga duka mchana na jua likiwaka.

27 Agosti

Jana ilikuwa sikukuu yao. Ba ametuma peremende za maziwa kwenye sahani, zimepambwa na lozi. Sikugusa. Niliweka sahani kwenye kaunta nikiitazama kama nyoka. Hafsa akaingia, akala tatu kabla sijafungua mdomo.

Jioni Christabel akaja na chupa ndogo ya mafuta ya maombi, akapaka mlango na mashine. Tukaomba. Halafu akanipa wazo la maana: niuimbe wimbo wote kwa simu yake, mwanzo hadi mwisho, auhifadhi, ili hao wa juu wakija kusema ni wao tuwe na ushahidi. Nikauimba. Mpaka beti ambazo sijawahi kuimba mbele ya mtu. Nililia kidogo kwenye ule ubeti unaomtaja Wabuge. Christabel pia alilia.

28 Agosti

Hafsa bado mzima.

10 Septemba

Nimeangalia chumba cha duka kule Kimumu. Kidogo, na mbele yake kuna mtaro. Sijakataa.

21 Septemba

Siimbi kabisa sasa. Nashona kwa kunyamaza, na kazi inaenda pole kama imekosa mafuta. Fimbo imegonga leo bila mimi kutoa sauti. Mara tatu, kimya, mara tatu tena. Anataka nini huyu mama? Nikinyamaza kosa, nikiimba kosa.

1 Oktoba

Mama wa juu wameleta blauzi za kushona kwa ajili ya siku zao za kucheza. Nimezipokea, kazi ni kazi. Lakini nilipozimaliza niliangalia kila mshono mara mbili, nisije nikaacha unywele wangu humo.

13 Oktoba

Jumapili. Sijui nianzie wapi.

Baada ya ibada tulibaki mazoezini. Phineas, mwalimu wetu wa kwaya, akatuambia Jumapili ya mavuno tutakuwa na wimbo mpya, kwamba Dada Christabel ameupokea kutoka kwa Bwana akiwa katika maombi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, tena kwa nguvu. Christabel akasimama mbele, akafumba macho, akaanza.

*Mvua imenikuta njiani.*

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikangoja. Akafika kwenye kibaraza, na kikwaruzo kile, na beti zote nilizomwimbia kwa simu, isipokuwa ule wa Wabuge. Huo ameuacha. Wenzangu wa sauti ya pili wakaanza kuitikia, na mimi nikafungua mdomo pamoja nao, hakikutoka kitu.

Nilimfuata nje. Sikupiga kelele. Nilimwuliza tu, Christabel, huu wimbo? Akanishika mkono, mpole vile anavyojua kuwa mpole.

"Dada, wimbo wa Mungu hauna mwenyewe. Alitaka ufike mbali, na wewe ulikuwa umeufungia dukani."

Phineas alikuwa amesimama karibu. Nikamgeukia nikamwambia wimbo ni wangu, nimeutunga nikiwa matangani. Akanitazama kama mtu aliyeonywa mapema. Akasema amesikia kwamba Wahindi wa juu ya duka langu wanauimba kila wiki, kwa sanamu zao. Sasa ni wangu au ni wao? Akasema nisije nikawaletea wimbo wa miungu ya watu kanisani halafu nidai nimeutunga. Nani mwingine alijua habari za Wahindi? Ni mimi na Christabel tu. Mdomo wangu mwenyewe ulimpa fimbo ya kunipigia.

Miezi yote hii nimeangalia dari. Mwizi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, anakunywa chai yangu.

14 Oktoba

Nimemwambia Hafsa. Amekasirika kuliko mimi. Amesema kwao mtu akisoma shairi bila kumtaja aliyelitunga, hata watoto wanamzomea. Nikamwambia kwetu hakuna hivyo, wimbo ukishaingia kanisani ni wa kanisa. Akaniuliza kwa nini basi jina la Christabel limetajwa.

Na sijamsamehe Ba pia. Wao wasingeuimba, Phineas angekosa la kusema. Kesho ni Jumanne. Kesho napanda.

15 Oktoba

Nimepanda.

Niliwangoja waanze kwanza, nikaacha makasi, nikapanda ngazi ambazo sijawahi kuzikanyaga tangu nilipochukua duka. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kikubwa, mikeka, mama wameketi chini, mbele yao kisanamu cheusi chenye filimbi kimevishwa shada la maua ya manjano. Ubani mpaka kooni. Ba alikuwa na kinanda mapajani. Wakanyamaza wote.

Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi, yakatoka machache.

"Ba, huo wimbo ni wangu. Na hilo jina mnaloliimba ni langu. Mnalipeleka wapi?"

Ba alinitazama kutoka juu hadi chini, akafika miguuni.

"Viatu," akasema.

Haki, nilitaka kumrukia. Lakini nilivua. Mtu akiwa amelelewa vizuri hawezi kukataa hata akiwa na hasira. Akaniambia niketi, mama mmoja akaleta kiti, nikakataa, nikaketi kwenye mkeka kama wao.

Ba anasema Kiswahili cha mji huu wa zamani, kinaenda njia yake chenyewe, lakini kila kitu unakielewa. Aliniambia kwao bhajan haiishi hivi hivi. Ubeti wa mwisho unambeba aliyeutunga. Unasema: fulani anasema hivi, Mungu wangu, anasema hivi. Wako watu waliokufa zamani sana, mfumaji wa nguo, malkia aliyekimbia nyumbani, na kila asubuhi bado wanatajwa kwa majina katika nyumba za watu wasiowajua. Ukiimba bila jina hilo, wimbo ni kama umeokotwa njiani.

"Sasa mimi naimba maneno yako," alisema. "Mwisho niseme nani anasema? Mimi? Hapana. Nekoye anasema."

Nikamwambia hakuniuliza. Alikubali hapo hapo, hakujitetea. Alisema alijua akiniuliza nitanyamaza, na aliogopa ninyamaze.

"Na fimbo je? Unanigongea ninyamaze, nimenyamaza, bado unagonga."

Mama wote wakaangua kicheko, hata yule wa tabasamu la ngazini. Ba peke yake hakucheka. Akasema fimbo ni ya kusema rudia. Masikio yake si kama ya zamani, na mimi nina tabia mbaya, naimba mistari miwili nasimama kukata uzi. Ubeti mwingine aliungoja wiki mbili. Na nilipoacha kabisa kuimba mwezi uliopita, alidhani nimeugua, akawa anagonga kuuliza.

Mwaka mzima nimesikiliza sakafu yake. Haikunipitia kichwani hata siku moja kwamba mbao zinazoshusha sauti zinaipandisha pia.

Akanieleza maneno aliyoyatia kwa lugha yake. Wana hadithi kwamba Mungu wao akiwa kijana wa kuchunga, mvua ilishuka ya kuua, akainua mlima mzima kwa kidole kimoja, watu na ng'ombe wakaingia chini yake mpaka ikaisha. "Wewe umesema kibaraza," aliniambia. "Mimi nikasikia mlima." Nilimwambia wazi kwamba kibaraza changu mimi ni Yesu na simwimbii huyo wa filimbi. Akasema anajua, amenisikia nikisali nikikosa wateja. Yeye ametafsiri mvua tu, kila mtu anajua alijikinga wapi.

Hilo halijatulia rohoni mwangu. Sijui kama ni sawa, na sitajifanya najua.

Nilipoinuka akanishika sketi. Akaniambia siku niliyofungua duka baada ya kumzika mzee wangu, nilianza kuimba asubuhi, na yeye akashuka kwenye kiti akaketi sakafuni, sikio karibu na mbao. Alikuwa amekaa miaka tangu mume wake afe na hajasikia mtu akisema vile ilivyo. Hapo ndipo nililia, mbele ya mama wa watu, na viatu vyangu viko mlangoni.

22 Oktoba

Mvua isiyo na adabu, mahindi yameanikwa. Tumeyafunika kwa turubai. Christabel amepiga simu, sikushika.

26 Oktoba

Phineas amekuja dukani kuchukua sare. Aliangalia dari wakati wa bhajan, akaharakisha kuondoka. Nilimwambia nitakuwa kwenye mstari wangu siku ya mavuno. Alisema vizuri, bora nisilete vurugu. Na Christabel ameagiza gauni lake lipanuliwe mabega. Nimelipanua. Nimelipanua vizuri kabisa, asije akasema.

2 Novemba

Leo ni sikukuu yao ya ule mlima. Ba alinitumia ujumbe nipande, nikapanda mpaka mlangoni, zaidi ya hapo sikuingia. Wamepanga chakula mbele ya kisanamu mpaka kikawa mlima kweli: wali, mboga za kila aina, peremende, na katikati mahindi mabichi ya kuchemsha. Kwetu kesho tutapanga mahindi mbele ya madhabahu vile vile. Nilisimama nikilifikiria hilo, viatu mkononi.

Walipofika ubeti wa mwisho, Ba alinyamazisha matoazi akaimba jina langu, na mama wote wakageuka kunitazama. Nilingoja kuona kama nitashikwa na kitu kibaya. Nilishikwa na furaha, na nyuma yake aibu. Kwamba mahali pekee duniani ambapo jina langu limeshikamana na wimbo wangu ni hapa, kwa Mungu wa wengine, na kanisani kwangu sina hata mstari.

Nikashuka, nikafunga duka. Njia nzima ya Kimumu nilikuwa naimba ule ubeti wa Wabuge chinichini, nikijaribu mahali pa kuweka neno moja.

3 Novemba

Kanisa lilijaa. Magunia, maboga, kuku waliofungwa miguu wakilia wakati wa sala. Tuliimba nyimbo zetu, kisha Phineas akamkaribisha Christabel na wimbo aliopewa na Bwana.

Aliimba vizuri. Ana sauti, hilo sitamnyang'anya. Niliitikia pamoja na wenzangu, sikutoka nje ya mstari. Akafika mwisho wake, akainua mikono, na makofi yakaanza. Nilijua yakikolea nimeshindwa. Nilifungua mdomo nikiwa pale pale kwenye mstari wa pili, bila kipaza sauti, nikauimba uliobaki.

*Nekoye asema: mvua imenikuta njiani.*
*Nimemzika Wabuge, narudi peke yangu.*
*Wewe ndiwe kibaraza changu.*

Makofi yalikufa. Nilisikia kuku. Phineas aliinua mkono kama mtu anayesimamisha gari, na kwaya ikamtazama yeye, kisha mimi. Sijui ningefanya nini kama kimya kile kingeendelea. Ni Mama Nanzala, mkubwa wetu kwenye kwaya, aliyekuwa jikoni kwangu matanga yote, aliyeanza. Aliitikia mstari wa mwisho kwa ile sauti yake nzito, macho kwenye paa. Wa kando yake akaingia, kisha safu nzima, kisha watu waliokuwa wameketi. Wale waliokuja kumzika Wabuge walijua ni nani anasema. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Christabel alishusha kipaza sauti. Baadaye kidogo akaitikia na yeye, pamoja na wengine, kwa sauti ndogo.

Nje, Phineas alinijia akiwa ameshika kitabu chake cha nyimbo kifuani. Hakuomba msamaha, na sikuungoja. Aliniuliza kama ule ubeti ni wa wimbo huo au nimeuongeza. Nikamwambia ndio wa mwisho, bila huo wimbo haujaisha. Akaniuliza kama utakuwa unaimbwa kila mara. Nikasema kila mara.

4 Novemba

Nimefungua duka mapema. Hafsa alikuwa amesikia tayari, sijui kwa nani, ameleta chai. Christabel amepita upande wa pili wa barabara, akatazama kibao cha duka, akaendelea. Siku moja tutaongea. Si leo.

Asubuhi yote nilikuwa na sauti mpya kichwani, ya shukrani, inaanzia chini halafu inageuka pale usipotarajia. Nikaiimba mistari miwili, nikasimama kukata uzi.

Fimbo ikagonga mara tatu.

Nikachukua rula ya mbao, nikapanda kwenye stuli, nikamgongea tatu na mimi. Kisha nikarudi kwenye mashine nikakaa kimya. Wacha angoje kidogo.